Spika Dhapu Devi na Jina la Shemeji Yake

Ram Ram, wasikilizaji wapendwa. Ram Ram kwenu mlioko jikoni, mlioko shambani, na nyinyi mlioketi juu ya vitanda vya kamba huku redio ikining'inia kwenye msumari. Ni mimi, Gomti. Kabla sijafungua mdomo leo nilimwomba Mungu anipe maneno machache na ya kweli, kwa sababu ninayemkumbuka hakupenda maneno mengi.

Leo tunamkumbuka Bibi Dhapu Devi wa kijiji cha Kheduli. Dhapu Devi, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la jimbo letu. Narudia kwa wale ambao redio zao zinakoroma. Mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika katika jimbo letu amefariki. Alifariki Jumanne alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na saba. Alikuwa ameshamwagilia maji mrehani wake wa uani na kusema sala yake. Kisha akasema anataka kulala kidogo.

Asante Mungu kwa mwisho mwepesi kama huo.

Wasikilizaji wapendwa, wengi wenu mnamfahamu kwa mfereji. Mnasema "maji ya Dhapu" mnapoenda kunywesha mifugo. Lakini wangapi mnajua jinsi mfereji ule ulivyokaribia kutofika kwetu? Ulikaribia kutofika kwa sababu ya jina moja. Jina moja la mtu, ambalo Dhapu Devi hakuweza kulitamka. Hiyo ndiyo habari ya leo.

Alizaliwa binti wa tano kwa wazazi wake. Mkunga alipotoka na kusema ni msichana tena, mama yake alisema, "Basi huyu ni Dhapu." Maana yake, tumeshiba. Kwetu jina hilo ni la kawaida. Ni namna ya wazazi kumwambia Mungu kwamba wasichana sasa wanatosha. Mungu hakusikia. Baada yake walikuja wengine wawili.

Aliolewa Kheduli akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Mume wake, Mzee Likhmaram, wakati huo alikuwa anasomea ualimu. Lakini mwenye nyumba ile hakuwa Likhmaram. Mwenye nyumba alikuwa kaka yake mkubwa, Hanutram. Baba yao alikufa mapema, na Hanutram ndiye aliyelima, akachunga, na mwishowe akauza ngamia wake ili mdogo wake apate kusoma. Kwa hiyo Hanutram alikuwa shemeji wa Dhapu Devi, na papo hapo alikuwa kama baba mkwe.

Na mila yetu mnaijua. Mke wa mdogo hamwonyeshi uso kaka wa mume wake. Hasemi naye. Na jina lake halitamki kamwe, hata akiwa peke yake kisimani. Wazee walisema ukilitaja jina la mkubwa wako, unampunguzia umri.

Hanutram naye alikuwa na adabu zake. Kila alipotaka kuingia uani alisimama langoni akakohoa. Kikohozi kimoja, kizito. Dhapu Devi akikisikia, alishusha mtandio usoni, kisha akatikisa mkono ili bangili zake zilie. Bangili zikilia, maana yake ni karibu, nimeshajifunika. Hapo ndipo Hanutram aliingia. Miaka zaidi ya ishirini waliishi hivyo kabla ya mambo ya Bunge. Kikohozi, bangili, karibu.

Na walipotaka kuambiana jambo, je? Walimtumia nyati.

Msicheke. Hata kwenu yapo. Pale uani alifungwa nyati wa maziwa, na Dhapu Devi alikuwa akiongea naye kwa sauti ya kutosha. "We nyati, mwambie shemeji mkate utapoa." Na Hanutram, akiwa ameangalia ukutani, alijibu, "Nyati, mwambie mke wa mdogo wangu nimesikia, nanawa mikono." Mzee Likhmaram aliniambia juzi tulipoketi kwenye mkeka wa matanga, "Mwanangu Gomti, nyati yule alikuwa na siri nyingi za nyumba kuliko mimi."

Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo, jioni, baada ya ng'ombe kulishwa, Likhmaram alimfundisha mke wake kusoma. Dhapu Devi alikuwa ameshazaa watoto wawili alipoandika herufi yake ya kwanza. Mama mkwe wake, Bibi Jamna, alipita mlangoni akamwona na ubao. Akamwambia, "Soma, mkamwana wangu, soma. Labda ubao huo utakukandia unga." Dhapu Devi alisoma kwa mkono mmoja, akakanda kwa mkono mwingine.

Baadaye wanawake wa vijiji vyetu walianza kumfuata kwa mambo ya visima. Yeye alijua kuandika malalamiko, na alijua kuyasema. Chama kimoja kikatafuta mwanamke wa kugombea, kikamchukua. Shemeji yake Hanutram alikuwa tayari mbunge wa upinzani, katika jimbo la uchaguzi la jirani. Nyumba moja, vyama viwili. Hanutram alimwambia nyati, "Mwambie mke wa mdogo wangu, kugombea si dhambi, ila chama chake ni cha wezi." Na nyati akapewa jibu, "Mwambie shemeji, wezi wa chama chake nao tunawajua, tumewalisha hapa hapa."

Kampeni yake ilikuwa ya ajabu. Mchoraji alichora picha yake ukutani kama alivyomwona, yaani mtandio mwekundu mpaka kidevuni na mkono mmoja wenye bangili umenyooshwa. Uso haukuwapo. Mpinzani wake akasimama sokoni akauliza, "Ndugu zangu, mtakipigia kura kitambaa?"

Dhapu Devi alikuwa ameketi upande wa wanawake. Akajibu kutoka ndani ya mtandio, "Kitambaa hiki kimeshuka kisimani kila siku. Kilemba chako kimeshuka wapi?"

Alishinda.

Bungeni, chama chake kilikuwa na makundi mawili yaliyokuwa yanavutana kama fahali. Kila kundi lilimtaka Spika wake. Walipochoka wakasema, tumweke yule mama wa Kheduli. Mwanamke wa kufunika uso hatamsumbua mtu. Ndivyo alivyochaguliwa, wasikilizaji wapendwa. Alichaguliwa kwa sababu walidhani atanyamaza. Mungu naye huchagua njia zake.

Siku ya kuapishwa alifunua uso. Kichwa alikifunika, uso akauacha wazi mbele ya wanaume wote wale. Kiongozi wa serikali alimshika mkono huu, kiongozi wa upinzani mkono ule, wakampeleka kitini kama desturi ya Bunge inavyotaka. Shemeji yake Hanutram hakuwapo ukumbini. Alikuwa nje, chini ya ukuta, anavuta tumbaku. Aliniambia, "Sikutaka aanze kazi kwa kuona haya. Nilijua nikiingia tu, ule uso utafungwa."

Alijua vizuri. Siku ya kwanza ya maswali, Hanutram aliingia akaketi mahali pake, na kilemba chake cheupe. Dhapu Devi alikuwa kitini. Mkono wake haukumwuliza. Ulikwenda wenyewe kichwani, ukashusha mtandio mpaka kidevuni.

Bunge zima liliona.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili. Bungeni, Spika ndiye anayewaita wabunge kwa majina. Anayeitwa anasimama, anasema. Asiyeitwa hasemi. Siku hiyo Hanutram alikuwa na swali. Swali la mfereji. Mfereji ulikuwa unakuja kutoka mtoni na ulipangwa kuishia mbali na vijiji vyetu, na yeye alitaka kuuliza kwa nini. Zamu yake ilifika. Dhapu Devi alifungua mdomo. Jina halikutoka. Akamwita mbunge anayefuata.

Upinzani wakaanza kugonga meza. Mmoja akapiga kelele, "Mheshimiwa Spika, umemruka mtu." Mwingine akamjibu, "Hajamruka, amemwogopa. Ni shemeji." Kicheko kilijaa ukumbi. Hanutram alikuwa amesimama na karatasi yake. Akakaa.

Jioni ile mkubwa mmoja wa chama cha Dhapu Devi alimwita. Akamwambia kwa upole wa kumfundisha mtoto, "Dada, usijisumbue. Zamu ya shemeji yako ikikaribia, sema mgongo unauma. Inuka, Naibu wako akalie kiti. Ikiisha, rudi." Dhapu Devi alikubali. Alikuwa mgeni, na aliona ni njia ya kuilinda heshima ya nyumba.

Lakini Naibu Spika hakuwa na haraka na mfereji wetu. Vijiji vyake viko upande mwingine. Kila alipokalia kiti, swali la Hanutram lilisogezwa mbele. Leo muda umekwisha. Kesho waziri hayupo. Kesho kutwa swali halieleweki. Spika alikuwa nje, kwenye benchi la ujia, ameshika mgongo usiouma. Na kule kwetu wanawake walikuwa wanatembea na mitungi.

Kisha upinzani wakaandaa hoja ya kumwondoa. Walisema, kiti kisichoweza kutaja majina yote si kiti cha wote. Na kusema kweli, wasikilizaji wapendwa, hapo hawakukosea. Hanutram alikataa kutia sahihi. Lakini bila yeye pia, waliokuwa tayari walitosha.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Bunge lilikuwa karibu kufungwa. Likifungwa swali la mfereji halijaulizwa, fedha zinaenda kwingine. Na Dhapu Devi anaondolewa, na kila mtu anasema, mnaona, mwanamke hawezi. Vyote viwili vilitegemea jina moja. Alitamke, au aondoke.

Alirudi Kheduli kwa gari moshi mwisho wa wiki. Ilikuwa siku ya kufunga, hakula kitu. Alimkuta Bibi Jamna, mama mkwe wake, anapeta uwele. Sasa huyu Bibi Jamna alikuwa mwanamke wa mila kweli kweli. Afisa wa sensa alipokuja kumwuliza jina la marehemu mume wake, alimjibu, "Kaulize dukani." Afisa akaenda dukani.

Mzee Likhmaram alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia. Dhapu Devi aliketi chini, karibu na ungo.

"Mama," akasema, "nikilitaja jina la shemeji, itakuwaje?"

"Kwani umekuwa kichaa?"

"Bungeni lazima nimwite. Nisipomwita hasemi. Asiposema, maji hayaji."

Bibi Jamna aliendelea kupeta. "Mimi nimezaa wanaume wawili tu waliobaki hai. Mmoja nimekupa uishi naye. Sasa unataka kumpunguzia umri huyo mwingine?"

Dhapu Devi aliogopa kweli. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, kama mama zetu wote walivyoamini. Mtu yule alikuwa ameuza ngamia kwa ajili yao. Kumtaja ilikuwa kama kumchukulia kitu kingine tena.

Likhmaram akasema, "Mama, mimi nimemtaja kaka maisha yangu yote."

"Wewe ni mdogo wake, umezaliwa naye. Kaa kimya, mwalimu."

Dhapu Devi akainuka. Akaenda kwenye mrehani wake, pale katikati ya ua, akamwagia maji, akasimama amefumba macho. Alisimama muda mrefu mpaka Bibi Jamna akaacha kupeta. Kisha akarudi, akasema neno ambalo mimi, Gomti, nimelibeba moyoni wiki nzima hii. Alisema, "Mama, umri wake uko mkononi mwa Mungu. Kama ungekuwa kwenye ulimi wangu, Mungu angekuwa na kazi gani?"

Bibi Jamna alimtazama. Akachukua konzi ya uwele, akaupuliza makapi. Akasema, "Litaje basi. Lakini funika kichwa. Na useme 'Mheshimiwa' kwanza, usimwite kama unamwita mbuzi."

Jumatatu Bunge lilikutana. Hoja ya kumwondoa ilikuwa isomwe siku ya pili yake. Zamu ya Hanutram ilipokaribia, Naibu Spika aliinuka mwenyewe, akanyoosha koti lake, kwa sababu alishazoea. Akaanza kupanda kuelekea kitini.

Dhapu Devi akamwambia, "Mheshimiwa Naibu, kaa. Leo mgongo hauumi."

Watu wakageuka.

Mtandio wake ulikuwa kichwani. Uso ulikuwa wazi. Hakumwangalia shemeji yake. Aliangalia meza. Akasema mbele ya kipaza sauti, "Swali la mfereji. Mheshimiwa Hanutram."

Wasikilizaji wapendwa, alilitaja.

Na Hanutram hakusimama.

Nilimwuliza yeye mwenyewe, juzi, pale mkekani. Nilisema, "Babu, kwa nini hukusimama?" Akasema, "Sikuwa nimewahi kusikia jina langu kwa sauti ile. Na yule jirani yangu wa benchi alinishika shati, ananinong'oneza, usisimame mzee, muache, kesho tunamwondoa. Ukikaa tu, imekwisha."

Ilikuwa kweli. Akikaa tu, imekwisha. Spika aliyelitaja jina la shemeji na shemeji akakataa kuitika angerudi Kheduli vipi? Angekuwa amelipoteza Bunge na ameipoteza nyumba kwa siku moja.

Watu wote wakamgeukia Hanutram.

Kisha Hanutram akakohoa.

Kikohozi kimoja, kizito. Kile kile cha langoni. Na pale mezani, karibu na kipaza sauti, mkono wa Dhapu Devi ukatikisika. Bangili zikalia. Zililia katika vipaza sauti vyote vya ukumbi. Wabunge wa mjini hawakuelewa kitu, wakadhani ni kengele. Lakini wanawake wa kijijini waliokuwa juu, kwenye viti vya wageni, walielewa. Wakaanza kucheka, kisha wakaanza kufuta macho.

Hanutram akaondoa mkono wa jirani kwenye shati lake. Akasimama. Akiangalia sakafu, akasema, "Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa kunipa nafasi." Akauliza swali la mfereji mpaka mwisho, na waziri akajibu, kwa sababu Spika hakumwacha akae mpaka alipojibu.

Hoja ya kumwondoa haikusomwa. Aliyetakiwa kuisoma alisema ameisahau nyumbani.

Maji hayakuja mwaka ule. Yalichelewa, kama maji ya serikali yanavyochelewa. Lakini yalikuja. Yanapita hapa karibu na kituo chetu cha redio, na asubuhi ya leo nimewaona nyati wenu wamelala ndani yake mpaka puani.

Baada ya hapo alimwita Hanutram Bungeni mara nyingi. Alimwita aseme, alimwamuru akae, na siku moja alimtoa nje kwa kosa la kupiga meza mpaka glasi ya maji ikaanguka. Ndiyo, alimtoa nje shemeji yake. Jumamosi ile, nyumbani, mkate wa uwele ulifika mbele ya Hanutram umelowa samli.

Hanutram akamwambia nyati, "Mwambie aliyepika, samli imezidi. Kama ni rushwa sipokei. Kama ni pole, nimepokea."

Na nyuma ya ukuta, kutoka ndani ya mtandio, likatoka jibu. "We nyati, mwambie shemeji samli ni ile ile. Tumbo lake ndilo limepungua kwa kukaa nje ya Bunge bila kazi."

Kwa maana nyumbani hawakubadilika. Kule alimtaja, hapa alijifunika uso mbele yake. Sisi wanafunzi wake tulimwuliza kwa nini. Alisema, "Kule nilikuwa nawaita wote, hakuna ndugu. Hapa ninamkaribisha mtu mmoja aliyeuza ngamia wake. Niacheni na haya zangu, nimezichagua mwenyewe." Lakini hakumlazimisha mtu mwingine. Mkamwana wake, Rukma, alipoingia nyumbani siku ya harusi amejifunika mpaka kiunoni, Dhapu Devi alimwambia, "Funua uso, binti. Nataka nijue ninayegombana naye."

Rukma amenieleza hayo huku akicheka na kulia.

Nimesema wanafunzi wake. Ndiyo. Alipoacha siasa, alifungua darasa la jioni kwa wanawake, katika ghala la zamani la nafaka. Tulikuja na watoto, na vitunguu vya kumenya, na uchovu wetu. Somo la kwanza halikuwa herufi. Alitusimamisha mmoja mmoja, tuseme majina ya watu wote wa nyumbani kwetu. Wote. Zamu yangu ilipofika kwa mume wangu nilisema, "Baba Omi." Akaniuliza, "Huyo baba Omi, mama yake alimwita nani alipomwaga maziwa?" Nikalisema. Mume wangu bado yuko hai, wasikilizaji wapendwa. Ananisikiliza sasa hivi, na bado anamwaga maziwa.

Baada ya hapo tulijifunza kusoma. Mimi nilikuwa na wajukuu. Leo ninaongea nanyi hapa. Kila ninapowasha kipaza sauti hiki namshukuru Mungu, kisha namshukuru yeye.

Sasa niwaambie ya Jumanne.

Walimwosha, wakamvisha nguo nyekundu, kwa sababu ameondoka akiwa mke, mume wake akiwa hai. Wakamvika bangili mpya. Akalazwa uani, karibu na mrehani. Watu wakajaa.

Mzee Hanutram ana miaka tisini na sita. Anaishi upande wa pili wa ukuta. Alikuja na fimbo yake mpaka langoni, akasimama. Akakohoa.

Watu wakasema, "Babu, ingia." Hakuingia. Mzee Likhmaram akasema, "Kaka, ingia, ni kwako." Hakuingia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia chini. Akakohoa tena.

Rukma aliniambia, "Mama Gomti, wote walidhani amechanganyikiwa kwa uzee. Mimi nilielewa. Alikuwa anasubiri bangili." Rukma akapiga magoti. Akamshusha mama mkwe wake mtandio mpaka kidevuni. Kisha akauinua ule mkono, akautikisa kidogo tu.

Bangili zikalia.

Mzee Hanutram akaingia. Akasimama mbele yake. Hakumwangalia. Akamgeukia nyati aliyefungwa pale ukutani, mjukuu wa mjukuu wa yule wa zamani. Akasema, "Nyati. Mwambie Dhapu Devi." Na hapo watu wote pale uani wakavuta pumzi, kwa sababu yeye naye, tangu msichana yule alipoletwa Kheduli, hakuwahi kulitamka jina lake. "Mwambie Dhapu Devi kwamba Hanutram amesimama."

Baadaye, pale mkekani, nilimwuliza kuhusu lile la umri kupungua. Akacheka bila sauti. Akasema, "Mama alikosea. Kila mara alipolitaja, Mungu aliniongezea. Sasa sijui nani atalitaja."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mzee Likhmaram, mwalimu, aliyempa mke wake ubao. Tunampa pole Rukma na watoto na wajukuu wote wa nyumba ile. Tunampa pole Mzee Hanutram, na tunamwambia, babu, jina lako tutalitaja sisi. Mungu ampokee mama yetu, amkalishe mahali pa heshima, na atufundishe kumshukuru wakati wote wa kunywa maji.

Na nyinyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja. Katika nyumba yako yuko mwanamke ambaye hujawahi kumsikia akiitwa kwa jina lake. Anaitwa mama fulani, mke wa fulani, mkamwana wa fulani. Leo, kabla hajakuwekea mkate, mwulize jina alilopewa na mama yake. Likae kinywani mwako kidogo. Kisha liseme, umwone anavyogeuka.

Dhapu Devi wa Kheduli. Mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la jimbo letu.

Mzee Hanutram, kama redio yako imewashwa, na wewe nimekutaja.

Ram Ram.